Nyota ziko mbali, na mafuta hayatatufikisha

Haya, leo tuzungumzie mafuta. Si yale ya matatu, ambayo kila tarehe 14 ya mwezi hutufanya tukae macho tukingoja bei mpya. Nazungumzia mafuta ya kwenda kwenye nyota nyingine.

Kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia: "Dunia hii ikiharibika, binadamu atahamia kwingine. Sayansi itapata njia." Utaisikia kwa wapenzi wa filamu za anga, utaisikia kwenye vikao vya vijana wa kompyuta, na mara nyingine hata kwa watu wenye shahada za sayansi. Inasemwa kana kwamba tumebakiza kutengeneza injini nzuri kidogo, kisha tufunge mizigo.

Msimamo wangu ni huu: roketi haitampeleka mtu kwenye nyota nyingine. Kama kuna chombo kitakachofika huko, kitakuwa kidogo, hakitakuwa na mtu ndani, na injini yake itakuwa imebaki nyumbani. Sisemi hivi kwa kukata watu tamaa. Nasema hivi kwa sababu hesabu yenyewe ni rahisi, na mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifuata. Twende pamoja.

Tuanze na umbali. Ukiwa hapa Kenya usiku wa mwezi Mei, mahali pasipo na taa nyingi, tazama kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo kushoto zaidi ni Alpha Centauri. Ina jirani mdogo, Proxima Centauri, ambayo haionekani kwa macho matupu lakini ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.24. Yaani nuru, inayokwenda karibu kilomita 300,000 kila sekunde, huchukua zaidi ya miaka minne kutoka huko hadi kwetu. Ukizitaka kilomita, ni trilioni 40 hivi.

Chombo cha binadamu kilichofika mbali kuliko vyote ni Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977. Mwaka 2012 kilivuka mpaka wa eneo linalotawaliwa na upepo wa jua. Kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kasi ya kukutoa Nairobi hadi Mombasa kwa nusu dakika. Sasa kama kingekuwa kinaelekea Proxima (hakielekei huko), kingechukua miaka kama 75,000 kufika.

Hapo mtu husema: basi kiwekewe injini kubwa na mafuta mengi zaidi. Na hapo ndipo tatizo lenyewe linapoanzia.

Mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Kirusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha mlinganyo ambao wahandisi wa roketi wanautumia mpaka leo. Maana yake unaweza kuielewa bila alama za hesabu. Fikiria lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali, na njia nzima haina hata kituo kimoja cha petroli. Ni lazima libebe mafuta yote tangu mwanzo. Lakini mafuta nayo ni mzigo, kwa hivyo linahitaji mafuta ya kubeba mafuta, na mengine ya kubeba hayo tena. Na lori lina nafuu, kwa sababu lina barabara ya kukanyagia. Roketi haina barabara. Inakwenda mbele kwa kutupa kitu nyuma, na hicho inachokitupa ni lazima ikibebe kutoka nyumbani.

Tsiolkovsky alionyesha kwamba kasi inapoongezeka kwa kujumlisha, uzito wa roketi unaongezeka kwa kuzidisha. Mafuta bora tunayochoma kwenye roketi, haidrojeni na oksijeni, hutoa moshi kwa kasi ya karibu kilomita 4.5 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, kila unapotaka kuongeza kilomita 10 hivi kwa sekunde, roketi yako inakuwa nzito mara kumi. Ukitaka kilomita nyingine 10, mara kumi tena.

Sasa tuchukue safari isiyo na haraka yoyote, asilimia 1 tu ya kasi ya nuru. Hiyo ni kilomita 3,000 kwa sekunde, na ungefika Proxima kwa miaka 424. Kwa maneno mengine, ungeondoka mwaka 1596 Wareno walipokuwa wakimaliza Fort Jesus pale Mombasa, ukafika 2020. Kwa safari hiyo ya polepole, unazidisha uzito mara kumi, kisha mara kumi, kisha mara kumi, karibu mara 290. Ili kupeleka kilo moja unahitaji roketi ya kilo 1 ikifuatwa na sifuri zaidi ya 280. Atomi zote za ulimwengu tunaoweza kuuona hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 80 hivi. Mafuta hayo hayapo, na hata ulimwengu wenyewe hautoshi kuyatengeneza.

Na hapo hujafunga breki. Angani hakuna hewa wala lami ya kukupunguza mwendo. Ukitaka kusimama unahitaji mafuta mengine sawa na hayo, uliyoyabeba njia nzima, kwa hivyo idadi ya zile sifuri inakuwa maradufu.

Wakenya tunapenda kutaja ikweta, na ni haki yetu. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na mojawapo, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikawa ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Ikweta inakupa mbio za bure, kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka hapo kwa karibu kilomita 0.46 kwa sekunde. Kwa setilaiti inayohitaji kilomita 8 kwa sekunde huo ni msaada wa kweli. Kwa safari inayohitaji 3,000, ni kama kuchangia sarafu ya shilingi kumi kwenye bei ya ploti.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Kuna matatizo ambayo kila kitu kimoja unachoongeza kinafanya kazi iwe mara mbili. Vitu 20 ni hatua milioni moja, vitu 40 ni hatua trilioni moja. Mtu asiyejua atakushauri ununue kompyuta yenye kasi zaidi. Ukinunua yenye kasi mara elfu moja umepata nafasi ya vitu 10 vya ziada, basi. Roketi ni hivyo hivyo: ukiifanya iwe nzito mara elfu moja, umepata kilomita 31 zaidi kwa sekunde, basi. Tatizo la namna hii halitibiwi kwa nguvu. Linatibiwa kwa kubadilisha algoriti, yaani njia nzima ya kulitatua.

Haki itendeke, kuna kitasa kimoja ambacho wahandisi wanaweza kukizungusha: kasi ya kile kinachotupwa nyuma. Ukiiongeza hiyo, hesabu inalegea sana. Injini ya ioni hutumia umeme kurusha chembe kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde. Chombo cha Dawn kilichorushwa 2007 kilikuwa na injini hiyo, kikazunguka Vesta mwaka 2011 na Ceres kuanzia 2015. Kazi safi kabisa. Lakini msukumo wake ulikuwa kama uzito wa karatasi moja kwenye kiganja, na ilihitaji siku nne kutoka sifuri hadi mwendo wa gari la barabara kuu. Na kwa ile asilimia 1 ya kasi ya nuru? Kilo moja ingehitaji mafuta yenye uzito wa nyota trilioni 13 kama jua letu. Galaksi yetu nzima haina uzito huo.

Basi tuende kwa nyuklia. Watu wenye akili walishakwenda huko. Kuanzia 1958 hadi 1965 Wamarekani walikuwa na mradi wa Orion, ambapo Ted Taylor na Freeman Dyson walipanga kusukuma chombo kwa kulipua mabomu ya nyuklia nyuma yake, moja baada ya jingine. Unaweza kucheka, lakini mwaka 1959 walijaribu mfano mdogo kwa baruti ya kawaida na ukapaa. Mkataba wa 1963 ulipopiga marufuku milipuko ya nyuklia hewani na angani, mradi ukakosa pa kwenda.

Kisha kati ya 1973 na 1978 wanachama wa British Interplanetary Society walichora Daedalus, chombo cha kupita kwenye nyota ya Barnard kwa asilimia 12 ya kasi ya nuru, safari ya miaka 50 hivi. Kingelipua vidonge 250 vya mafuta kila sekunde kwa kuunganisha viini vya atomi, jinsi jua linavyofanya. Uzito wake tani 54,000, na kati ya hizo 50,000 ni mafuta. Sehemu ya mafuta hayo ni heliamu-3, ambayo ni adimu mno duniani, kwa hivyo walipendekeza ikachimbwe kwenye hewa ya sayari ya Sumbula, Jupiter. Na baada ya yote hayo chombo hakina mtu, na hakisimami. Kinapita tu. Huo ndio mpango makini kuliko yote ya roketi niliyowahi kuusoma, na ndio unaonishawishi zaidi kwamba roketi si njia.

Wengine hukimbilia antimata, ile mata iliyo kinyume cha kawaida, ambayo ikigusana na ya kawaida zote mbili hugeuka nishati. Ni kweli hakuna mafuta makali kuliko hayo. Gramu moja ya antimata ikikutana na gramu moja ya mata hutoa nishati kubwa kuliko mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yakijumlishwa. Lakini antimata haichimbwi popote. Inatengenezwa maabara, chembe kwa chembe, na yote ambayo binadamu wamewahi kuitengeneza haifiki hata milioni moja ya gramu. Tena nishati ya kuitengeneza ni kubwa kuliko utakayoipata. Huo si mgodi wa mafuta. Ni betri ghali sana.

Na hata tukipewa injini isiyopoteza chochote, bado kuna bili ya stima. Chukua gari aina ya Probox, lenye uzito wa tani moja hivi. Kulipa asilimia 10 ya kasi ya nuru kunahitaji nishati ya karibu gigawati-saa 125,000. Kenya nzima huzalisha zaidi kidogo ya gigawati-saa 13,000 kwa mwaka. Ni miaka tisa ya kila taa, kila kiwanda na kila chaja ya simu nchini, kwa Probox moja tupu, bila abiria na bila kufunga breki. Sasa piga hesabu ya chombo chenye watu, chakula, hewa na kuta za kuzuia mionzi. Mtu anayesema tutahama dunia nzima kwa njia hii hajapiga hesabu hiyo, au ameipiga akanyamaza.

Nilisema dawa ni kubadilisha algoriti, na algoriti nyingine ipo. Babu zetu wa pwani waliijua. Jahazi lililotoka Lamu kwenda Arabuni halikubeba upepo wake. Lilitanda tanga na kungoja kusi ianze kuvuma, likasukumwa na nguvu ambayo haikuwa ndani ya chombo. Angani upepo huo ni nuru. Nuru ikigonga kioo inakisukuma, kidogo sana, lakini inakisukuma. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, tanga la mraba lenye upande wa mita 14, likaelekea upande wa Zuhura likisukumwa na nuru ya jua. Kwa hivyo hii si hadithi, imeshafanyika.

Nuru ya jua hupungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hivyo kwa safari ya nyota unahitaji leza ya kusukuma tanga kutoka nyumbani. Mwanafizikia Robert Forward aliandika hesabu zake mwaka 1984, hata za safari ya kwenda na kurudi, ingawa leza zake zilihitaji nguvu kuliko inayozalishwa na dunia nzima. Aprili 2016 tajiri Yuri Milner, akiwa na Stephen Hawking, alitangaza mradi wa Breakthrough Starshot kwa wazo dogo zaidi: chombo cha gramu chache, tanga la mita chache, leza ya gigawati 100, na asilimia 20 ya kasi ya nuru. Miaka 20 hivi unafika. Mradi huo haukurusha chochote kuelekea nyota, lakini uliuliza swali sahihi.

Msidhani nauza miujiza. Gigawati 100 ni kama mara 30 ya mitambo yote ya stima ya Kenya ikiwekwa pamoja, japo ni kwa dakika chache tu kila urushaji. Na leza hiyo yote inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa mtu mzima mmoja wa kilo 68. Ndiyo maana chombo lazima kiwe cha gramu. Tanga likifyonza hata sehemu moja kati ya laki moja ya nuru hiyo, hiyo ni megawati nzima ya joto juu ya kitambaa chembamba kuliko unywele. Litayeyuka. Na breki bado hakuna. Kwa kasi hiyo chombo kinamaliza umbali sawa na wa kutoka dunia hadi jua kwa dakika 42 hivi. Miaka 20 ya safari, kisha saa chache za kupiga picha.

Lakini angalia tofauti. Matatizo ya roketi yanadai ulimwengu mwingine wa mafuta. Matatizo ya tanga yanadai kitambaa bora, chipu ndogo, leza nyingi na programu isiyokwama kwa miaka 20 bila fundi. Haya ni matatizo ya kazi, ya aina ambayo watu huamka asubuhi na kuyapunguza kidogo kidogo.

Najua jibu linalokuja: "Hata ndege walisema haiwezekani." Hapana. Ndege wenyewe, wale wa manyoya, walikuwa wakipita juu ya vichwa vya waliosema hivyo. Ushahidi kwamba kitu kizito kuliko hewa kinaweza kuruka ulikuwa kila mtini. Roketi ya kwenda kwenye nyota haina ushahidi wa namna hiyo, ina mlinganyo unaosema kinyume.

Wengine husema tungoje, kwa sababu chombo kitakachoondoka miaka 100 ijayo kitakipita kitakachoondoka leo. Hoja hiyo ina uzito; Andrew Kennedy aliipigia hesabu mwaka 2006. Ila teknolojia haikui kama nywele, zenyewe tu ukiwa umelala. Inakua kwa sababu kuna mtu anayeishughulikia. Wote tukingoja, hakuna atakayetupita.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Leza ya gigawati 100 inayoelekezwa angani inaweza kupofusha au kuchoma setilaiti ya yeyote. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za maangamizi kwenye mzunguko wa dunia, lakini leza iliyo juu ya mlima haimo humo. Nani atashika swichi? Nani atakagua inaelekea wapi? Hapo ndipo nchi kama yetu inatakiwa iwe na sauti mapema, kabla swichi haijajengwa, kwa sababu setilaiti zinazopita juu yetu zinabeba simu zetu na utabiri wa mvua yetu.

Kwa hivyo mimi napenda nyota, na ningependa tupeleke chombo huko. Chipu moja yenye kamera, ya uzito wa sarafu, ikipita Proxima na kututumia picha itakayofika miaka minne na kitu baadaye, kwangu ni ushindi mkubwa. Ila hiyo ni picha, si nyumba ya kuhamia. Mau ikikatwa na Ziwa Turkana likichafuka, hakuna roketi inayotungoja uwanjani.

Siku nyingine mtu akikuahidi kwamba tutahamia kwenye nyota, usibishane naye sana. Muulize tu: injini itakaa wapi, na hiyo stima italipwa na nani?